Binti Niliyemcheka Akikimbiza Gari Letu

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Naanza na hilo ili msisumbuke kumtafuta mwingine huko chini.

Nilikuwa kwenye usukani, dirisha wazi, kazi imeisha salama, roho kwatu. Kwenye kioo cha pembeni nikaona binti anatimua mbio nyuma ya gari letu. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Anapunga, anapiga kelele.

Nikatoa kichwa nje.

"Dada, mashindano yalikuwa jana! Medali zimeisha!"

Ndani ya gari wote wakaangua kicheko. Nikampungia mkono kwa madaha, nikakanyaga mafuta.

Yule binti alikuwa wetu.

Alikuwa anaishi na sisi, nyumba moja. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amenipakia siagi kwenye mkate.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana najua mtasema nimevuta kitu.

Mimi ni dereva. Kabla ya hapo nimeziba pancha, nimebeba saruji, nimepika kwenye mgahawa uliofungwa kwa sababu ya mapishi yangu. Dunia imenipiga makofi ya kila saizi, ndiyo maana napenda utani. Ukicheka wewe kwanza, kofi linauma kidogo.

Bosi wangu tulimwita Shangazi. Mwanamke mtu mzima, goti moja bovu, ameitumikia idara ya ujasusi tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii. Alipostaafu walimrudisha kwa kazi ambayo wenzake wote waliikwepa: kuwalea na kuwaongoza vijana watatu wasio wa kawaida.

Ukisikia vijana wenye nguvu za ajabu unawaza majoho na barakoa. Sisi tulikuwa na ndoo na brashi. Ubavuni mwa gari iliandikwa USAFI WA MAZULIA, na kweli tulisafisha. Kuna mama mmoja mpaka leo ananipigia simu kuhusu zulia lake la sebuleni.

Kijana wa kwanza tulimwita Kipaza. Anasikia kilicho nyuma ya ukuta, hadi mapigo ya moyo wako. Mbele yake hudanganyi.

Wa pili alikuwa Jiko, binti mwenye viganja vinavyoyeyusha kitasa kama mshumaa. Nyumbani hatukumruhusu kushika vikombe vya plastiki.

Wa tatu ni Mgeni, ambaye hakuwahi kutuambia kwao ni wapi.

Mgeni alikuwa na uwezo wa kujizima. Akizima, unamwona kama unavyomwona mpita njia yeyote, na ukigeuza shingo tu, ameshatoka kichwani. Hata kama mmeishi pamoja, humjui tena. Jina, sura, kicheko, kitanda anacholalia, vyote vinafutika. Akijiwasha, vinarudi kwa mpigo mmoja, kama umeme uliokatika.

Tatizo lilikuwa moja. Akiogopa, hawezi kujiwasha. Woga unamfungia huko huko, na kadiri anavyozidi kuogopa ndivyo mlango unavyozidi kukaza.

Ndiyo maana Shangazi alitunga sheria ya vitambaa.

Kila kijana alikuwa na kitambaa chake. Akishuka kwenda kazini anakifunga kwenye mti wa gia. Akirudi, anakifungua kwa mkono wake mwenyewe. Gari haliondoki gia ikiwa na kitambaa.

"Hata kama mnajiona mko wote," alikuwa akituambia. "Hasa mkijiona mko wote. Kichwa changu kinaweza kuchezewa. Kitambaa hakichezewi."

Sheria rahisi. Mtoto wa chekechea angeiweza.

Siku hiyo kazi ilikuwa kwenye jengo moja la ghorofa. Mwenyewe hatukumjua kwa jina, tulimwita Mwenye Jengo. Kwa miaka alikuwa anauza siri za watu: mikataba, picha, mazungumzo ya vyumba vilivyofungwa. Na kila alikoibiwa mtu, mlinzi alikuwa anasema hakuna aliyeingia. Ofisi yetu ilitaka kinasa sauti kiwekwe chini ya meza yake ya mikutano.

"Anayeingia mle ndani ni lazima—"

"Nitaingia mimi," Mgeni akasema, Shangazi hata hajamaliza.

"Una haraka ya nini leo?" nikamtania. "Kuna keki?"

Hakucheka. Ningetakiwa kuliona hilo.

Mambo yakaenda vizuri. Jiko alilegeza kufuli, Kipaza alisimama kwenye ngazi na mashine ya mazulia akisikiliza nyayo, Mgeni akazima na kuingia. Mimi nilibaki garini nikipigana na jua.

Kipaza akarudi, akafungua kitambaa chake. Jiko akafuata, naye akafungua chake. Shangazi akajitupa kiti cha mbele, akainama kusugua goti.

"Gia?" akauliza bila kuinua kichwa.

Nikatazama. Kulikuwa na kitambaa cha njano.

Kichwani mwangu tulikuwa wote. Naapa. Ukiniuliza wakati ule tuna vijana wangapi, ningekwambia wawili na ningekushangaa kwa kuuliza. Nikajua tu Jiko ameacha matambara yake tena. Jasho lilikuwa linaniingia machoni.

Nikakifungua. Nikafutia uso. Nikakisokomeza mfukoni.

"Gia safi, Shangazi!"

Hapo ndipo nilipotoa gari, na hapo ndipo binti wa watu alipoanza kukimbia.

*

Tulifika nyumbani tunaimba. Jiko akaingia jikoni kuandaa meza.

Akapanga sahani tano.

"Umemwalika nani?" nikauliza.

Akaziangalia zile sahani kama zimepangwa na mtu mwingine.

"Sijui, Mjomba. Mkono umezoea tu."

Tukacheka. Kicheko kikaishia njiani.

Maana Kipaza alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma. "Hiki kitanda cha nani?"

Kitanda kilitandikwa vizuri. Chini yake kulikuwa na kandambili. Kwenye kamba uani ilikuwa inakauka blauzi ambayo Jiko isingemwingia, na Shangazi hata begani isingefika.

Mwili ukanisisimka kuanzia visigino. Kuna kuogopa mtu aliye nyuma ya mlango. Kuogopa mtu ambaye hayupo, na nguo zake bado mbichi, sikuwahi kukujua.

Nikafanya ninachokijua. "Labda Kipaza ameoa hajatuambia."

Hakuna aliyecheka.

Shangazi alikuwa ananitazama. Hakunitazama usoni, alinitazama mfuko wa shati.

"Hicho ni nini?"

Nikatoa kitambaa cha njano. Kilikuwa kimelowa jasho langu.

"Nani alikifungua?"

Akakichukua, akakikamua.

"Nani alikifungua kwenye gia?"

"Mimi," nikasema. "Nilifutia uso."

Hakunifokea. Ningeshukuru angenifokea. Alishika ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza nikamwona mwanamke yule, aliyewahi kukaa na bastola shavuni akaomba maji ya kunywa, ameogopa.

"Rudini kwenye gari."

"Shangazi, lakini mbona tuko wote?"

"Ndivyo tungesema," akanijibu, na tayari alikuwa mlangoni.

*

Hakuna safari mbaya kama kwenda kumtafuta mtu usiyemjua.

Tulijua ni msichana, kwa sababu ya blauzi. Basi. Kipaza alikuwa analia kiti cha nyuma, ameegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Kitanda chake kimepakana na ukuta wangu," alisema. "Kila siku nimelala nikisikia moyo wake. Na siujui, Shangazi. Nikiusikia sasa hivi siujui."

"Utaujua kwa woga wake," Shangazi akasema. "Tafuta unaokwenda mbio kuliko yote."

"Na sisi wenyewe?" Jiko akauliza. "Mioyo yetu inakwendaje?"

Kipaza akaziba masikio. Nilishukuru.

Tuliegesha ng'ambo ya geti la jengo, maana aliyeachwa hungoja pale alipoachwa. Barabara ilijaa watu wa mchana: wauza simu, makarani na mikoba yao, wanafunzi wa kike kundi zima wanatoka kununua soda. Nilimtazama kila binti. Kila binti angeweza kuwa yeye. Wengine walianza kunitazama vibaya, na sikuwalaumu.

Ndipo tukasikia mbwa. Alikuwa anabweka ndani, upande wa maegesho.

"Huyo mbwa habweki kwa hasira," Kipaza akasema. "Kama anafurahi."

"Furaha yake tutaijadili tukishaumwa," nikamwambia.

Mlinzi alitokea getini, ameshika redio mkono mmoja, mkono mwingine, aliousahau kabisa, umeshika sweta ya binti mmoja.

"Mkuu, nimekamata..." akasema kwenye redio huku akitazama barabarani. "Nimekamata... Mkuu, subiri kwanza."

Akageuka. Akashtuka.

"We binti! Wewe nani?"

Akageukia redio tena. "Mkuu, nimekamata..." Akanyamaza. Akajikuna kichwa.

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku hiyo sikuweza, kwa sababu kila nilipopepesa macho na mimi nilikuwa naanza upya. Binti gani huyu? Ametoka wapi? Mbona ana kiatu kimoja?

"Msimwondolee macho," Shangazi akanong'ona. "Hata macho yakiwawasha."

Kabla hatujashuka, Mwenye Jengo akatokea.

Suti ya kijivu, viatu vinang'aa, hatua za taratibu. Akamshika yule binti kifundo cha mkono, akamkazia macho, na macho yale hayakupepesa. Nilikuwa naona machozi yanavyomlengalenga kwa macho kukauka, lakini hayapepesi.

"Nenda kanywe maji," akamwambia mlinzi bila kumtazama.

Alikuwa anajua maana ya mlinzi kusahau alichokikamata, na kwamba dawa yake ni kutopepesa. Alimjua binti yule vizuri kuliko sisi.

Tukavuka barabara. Shangazi mbele na goti lake, sisi nyuma na ndoo zetu, tunajifanya tumesahau brashi.

Binti akatuona.

"Mjomba! Shangazi! Ni mimi! Mimi Mgeni!"

Tukatazamana. Jina halikugonga popote. Lilikuwa kama jina la mtaa wa mji ambao hujawahi kufika.

Niliona uso wake ulivyobadilika alipogundua kwamba hatumjui. Sitausahau, hata nikitaka.

"Samahani, jamani," Mwenye Jengo akasema. Sauti laini, ya mtu wa kukupokea hospitalini. "Ni binti yangu. Ana maradhi ya akili. Akiona watu wowote huwaita ndugu zake. Tunampeleka kwa daktari."

Sasa nisikilizeni. Nilimwamini.

Angekuwa amevaa vibaya, au ametukana, ingekuwa rahisi. Lakini alikuwa baba mpole mwenye suti, na mimi nilikuwa mziba pancha mwenye ndoo, nataka kumnyang'anya mtoto ambaye sijawahi kumwona. Tukikosea, tumeiba mtoto wa mtu mchana kweupe. Tukiondoka, huenda tumemwacha wetu mara ya pili, na safari hii hata kwenye gia kitambaa hakipo.

Nikaikaza ndoo mkononi.

"Kipaza," Shangazi akasema, macho kwa binti.

"Moyo wa binti unakimbia kama utatoka nje."

"Na wa mzee?"

Kipaza akainamisha sikio. "Umetulia. Umetulia kama wa mtu anayesubiri chai."

Shangazi akavuta pumzi.

"Mtoto anapiga mayowe hivi," akasema taratibu, "na moyo wa mzazi umelala? Jiko, mwanangu, umeiona saa ya baba?"

"Nzuri kweli, Shangazi," Jiko akasema, akasogea, akaigusa kwa kidole kimoja. Saa ya chuma.

Mwenye Jengo akatoa ukelele ambao suti ile haikuutegemea. Akaachia. Akapepesa.

Mimi nikaukamata mkono wa binti. Ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji.

"Twende!"

Ikawa mguu niponye. Nikageuka mara moja tu, nikamwona Mwenye Jengo amesimama pale pale, ameshika kifundo chake kilichoungua, anatazama huku na huku. Hakujua tena alishuka kufanya nini.

Aliyetufuata ni mbwa. Aliruka ndani ya gari kabla sijafunga mlango, akamkalia Kipaza mapajani.

*

Mlidhani woga uliishia hapo? Hata mimi.

Niliendesha kama kichaa. Na kila nilipotazama barabara, binti alinitoka kichwani. Nikitazama kioo, moyo unaruka: mtoto gani huyu kwenye gari langu? Nampeleka wapi? Natazama barabara, nasahau. Natazama kioo, naruka tena. Ilikuwa kama kuamshwa na mzimu ule ule kila baada ya kona.

Naye alikuwa amejikunja, meno yanagongana, amefungiwa huko ndani na woga wake, anatuona tunavyomshangaa.

"Kila mtu," Shangazi akaamuru, "akimtazama, aseme huyu ni wetu. Kwa sauti."

"Huyu ni wetu," Jiko akasema, amemshika kiganja.

"Huyu ni wetu," Kipaza akasema, kasongwa na mbwa.

Nikatazama kioo. Nikaruka. "Huyu ni wetu!"

Tulisema hivyo njia nzima, mabonde na milima, kama watoto wanaokariri hesabu. Nilikuwa nasema bila kuamini. Nilikuwa nasema kwa hofu, jasho linatiririka mgongoni, nikiwaza polisi, jela, baba mwenye suti.

Kisha, kwenye taa nyekundu, nikasikia pumzi ndefu nyuma yangu.

Akawaka.

Vyote vilirudi kwa mpigo. Siagi kwenye mkate. Kandambili zake zinavyoburuza asubuhi. Jinsi anavyonishinda karata na kunidanganya kwamba ni bahati. Na dirisha. Kichwa changu dirishani, meno yote nje.

Taa ikawa kijani. Magari yakapiga honi. Sikuweza kuondoka.

Kipaza alikuwa analia waziwazi. Mgeni akafuta pua kwa mkono wa sweta, akaniegemea begani kutoka nyuma.

"Mjomba."

"Naam."

"Medali yangu iko wapi?"

Nikalia kama mtoto, kwenye usukani, honi zinanitukana.

*

Mkinidai funzo, ninalo. Mtu wako usimhifadhi kichwani peke yake. Kichwa kinachoka, kinapigwa jua, kinajiona kijuaji. Kuwe na kitu kidogo unakifanya kwa mkono wako kwa ajili yake, na siku unayoona hakina maana, hiyo ndiyo siku ya kukifanya mara mbili.

Asubuhi iliyofuata mkubwa wa ofisi yetu alikuja mwenyewe. Hakukaa.

"Kinasa sauti kinafanya kazi," akasema. "Kesi ya kuuza siri itaendeshwa, na itachukua muda wake. Lakini kuna jambo jingine. Yule bwana jana alipopata kumbukumbu zake alikwenda moja kwa moja kushtaki. Na hakusema uongo."

"Kuhusu nini?" Shangazi akauliza.

"Huyu ni binti yake. Wa kumzaa."

Nilimtazama Mgeni. Alikuwa anatazama sakafu. Mbwa alikuwa amelala juu ya miguu yake, na hapo ndipo nilipoelewa alikuwa anafurahia nini kule getini. Alikuwa mbwa wa kwao.

Na nikaelewa pia ni nani alikuwa anaingia kwenye vyumba vile vilivyofungwa, miaka ile yote ambayo walinzi hawakuona mtu.

"Mbona hukutuambia?" Shangazi akamuuliza polepole.

"Mngenikataza kuingia. Na ni mimi tu nilikuwa najua anakaa kiti gani."

"Mimi nasikitika," mkubwa akasema, na kweli alionekana anasikitika. "Lakini sheria ni sheria. Mtoto ni wa baba yake mpaka mahakama iseme vingine."

"Alimfanya mwizi!" nikaropoka.

"Hilo litathibitishwa." Akanigeukia. "Na nyinyi je? Nikiulizwa mbele ya hakimu, nitasema nini? Dereva, ni wewe uliyemwacha barabarani?"

Nikainua mkono kama mwanafunzi.

"Baba yake, pamoja na ubaya wake wote, anamkumbuka. Anajua namna ya kumkumbuka. Nyinyi mlimsahau kabla ya chakula cha mchana. Mlimcheka. Sasa niambieni, nani kati yenu anastahili kukaa na mtoto huyu?"

Shangazi akainama kusugua goti. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

Mgeni akainuka. Akapandisha mkono wa sweta mpaka kwenye kiwiko. Kuzunguka kifundo kulikuwa na kovu pana, jeusi, lililokomaa, la kitu kilichofungwa miaka.

"Hii ni kamba," akamwambia. "Upande mmoja mimi, upande mwingine yeye, hata nikiwa nimelala. Ndivyo baba alivyokuwa ananikumbuka. Hawa walinisahau kabisa, mzee. Hawakunijua jina, hawakunijua sura. Na walirudi."